Jetoni namba kumi na nne

Tantine Georgine ameichukua jile ya maman, lile koti lisilo na mikono lenye mifuko kila upande, na sasa anaivaa akienda kuuza sambaza sokoni. Anasema mifuko inamfaa: simu huku, rozari kule, vifuko vya plastiki mgongoni. Juzi nilipita kumsalimia, nikamkumbatia, na harufu ikanipanda puani. Juu ni samaki, lakini chini yake bado kuna ile dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, ambayo maman alikuwa anarudi nayo kutoka kila nchi aliyotumwa. Watu wengine wakisikia harufu ya mama zao wanalengwa na machozi. Mimi nilishikwa na hasira. Pale pale kwenye mabeseni ya sambaza, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikashikwa na hasira ya mtoto wa miaka minane.

"Unanuna nini?" Tantine akaniuliza.

"Hakuna kitu, tantine."

"Weye na mama yako muko sawasawa. Munanunaka bila sababu."

Sababu ninayo! Niacheni niiseme, maana nyinyi wa rika langu mliokulia Bukavu mnajua nyumba za namna ile, nyumba ambazo mtu wao mmoja yuko ng'ambo kwenye kazi ya misaada na wengine wote wanaishi wakitazama kalenda. Maman amekwisha kustaafu. Anakaa Muhumba kwenye nyumba ileile, na kila Jumapili ananipigia simu: "Nabintu, unakuya lini? Ukikuya unakaaka dakika kumi tu, halafu unakimbia kazi." Ananiambia hivyo mimi! Mimi niliyemngoja yeye utoto wangu wote. Ninashusha pumzi, ninasema, "Nitakuya, maman," na ninakata simu kabla sijasema mengine.

Kazi yake ilikuwa kuandikisha watu. Vita vikifukuza watu mahali, au mafuriko, au tetemeko, wanakusanyika kwenye uwanja fulani wakiwa na vifurushi vyao, na mtu lazima akae mezani na daftari, aulize majina na umri, nani yuko na nani, nani amefiwa, kisha ampe kila mmoja jetoni, kipande cha karatasi ngumu chenye namba, ili asikanyagane na wenzake siku ya kupokea chakula. Mtu huyo alikuwa maman. Chadi, Centrafrique, Haiti. Papa yangu alienda Shabunda kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine kule, akabaki, na habari yake kwetu iliishia hapo. Kwa hiyo mimi niliachwa na Tantine Georgine, mdogo wake maman, ambaye alinilisha, alinipeleka masomoni, alinichapa ilipobidi, na alininusa kichwa kila asubuhi kuona kama nimeoga.

Maman alikuwa anarudi mara mbili kwa mwaka, wiki mbili mbili. Anashukia uwanja wa ndege wa Kamembe upande wa Rwanda, tunaenda kumngoja mpakani Ruzizi, mimi na Tantine, na ninaiona jile yake kutoka mbali, rangi ya mchanga, inavuka daraja. Ananibeba. Ananiambia nimekuwa mrefu. Usiku ule wa kwanza alikuwa wangu. Kesho yake asubuhi, kabla chai haijachemka, mtu wa kwanza alikuwa amekwisha kubisha hodi.

Shangazi fulani wa Kamanyola ambaye shamba lake limeingiliwa na jirani. Mama mkwe wa binamu, macho hayaoni vizuri. Jirani ambaye mtoto wake amekataliwa kufanya mtihani. Walifikiri maman ana hazina. Hakuwa na hazina. Alikuwa na masikio, na kalamu ya kuandikia barua, na ile sauti ya kupigia simu ofisini mpaka mtu aliye upande wa pili asimame wima. Basi wakaja watatu, wakaja wanane, wakajaza parcelle, ua mzima. Mtu mwingine angefunga geti. Maman akatoa meza barazani.

Naapa, akatoa meza! Akafungua daftari. Akakata katoni ya sukari vipande vipande, akaviandika namba, akawagawia ndugu zake mwenyewe. "Wazee mbele. Wenye mimba mbele. Wengine mukae ku kivuli, kila mutu na jetoni yake." Na wao, watu wa ukoo wetu ambao hata kanisani wanasukumana kwenda komunyo, walikaa kimya wakishika vikatoni vyao. Tantine alikuwa anapita na birika akisonya. "Anatoka ku kambi, anatuletea kambi," alikuwa anasema, kwa sauti ya kutosha kusikika barazani. Maman alijifanya hasikii.

Mimi nilikuwa na vitu vya kumwonyesha. Nilikuwa na bulletin ya shule, wa pili darasani. Nilikuwa na jino linalotikisika, nililolitunza makusudi lisitoke mpaka afike. Nilikuwa na sala ya Kifaransa nzima kichwani. Nikijongea mezani ananishika bega bila kuinua macho.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Weye hauna shida."

Hauna shida! Neno hilo nimelisikia kuliko jina langu. Nilikaa kwenye ngazi za baraza nikawatazama wenye shida. Kila mmoja alikuwa anakaa kwenye kiti kile cha mbele, na maman anamsogelea mpaka magoti yao yanagusana, anamshika mkono, anamuuliza jina polepole, hata kama ni mtu anayemjua tangu alipozaliwa. Nilitamani kuulizwa jina langu hivyo.

Nikaamua kutafuta shida. Nikaumwa tumbo, maman akanipa kidonge, akanituma kitandani. Nikachechemea, Tantine akanitazama mara moja, akasema, "Jana ilikuwa muguu wa kushoto." Siku kumi na nne zikaisha namna hiyo. Jino likatoka wakati maman anamwandikia barua mtu wa Kamanyola, nikalitupa juu ya bati peke yangu. Halafu ikawa sanduku, Ruzizi, na jile ikivuka daraja kwenda upande wa pili. Sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno.

Sasa sikieni akili ya mtoto. Maman alikuwa ananitumia picha, nazo zote zilikuwa za namna moja: amechuchumaa mbele ya mtoto, amemshika mkono, jile imefunguka, daftari liko magotini. Nyuma ya picha aliandika, "Huyu hana mama," au, "Huyu alipoteza wazazi njiani." Nilizipanga kitandani, nikazisoma kama somo la hesabu. Jibu lilikuwa wazi. Maman huenda kwa watoto wasio na mama. Wanaandikwa kwenye orodha, orodha inamfikia, anafunga sanduku, anakwenda kuwashika mkono. Na kwa kuwa jile zote nilizowahi kuziona mjini Bukavu zilifanana na yake, nilijua vilevile kwamba orodha ni moja tu dunia nzima, na kwamba mwenye kuisoma ni maman.

Mwaka ule, miezi michache baada ya kuondoka kwake, watu wa jile walikuja shuleni kwetu. Sœur, mtawa aliyesimamia darasa letu, alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu wiki ile, hakutujua. Akasema waliofiwa na papa au maman wabaki, wengine waende nyumbani. Wengine wakaenda. Mimi nikabaki.

Aliyeandika alikuwa mama mnene mwenye miwani, anatoka jasho. Nilipofika mbele yake alisogeza kiti, na magoti yetu yakagusana.

"Jina yako nani, mwanangu?"

"Nabintu."

"Papa iko wapi?"

"Shabunda."

"Na maman?"

"Alikufa."

Sikutetemeka hata kidogo. Akaniuliza unaishi na nani, nikasema tantine, Muhumba. Kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekiandaa.

"Maman alikufa na nini?"

Nikafikiri. "Na kazi," nikasema.

Aliacha kuandika. Alivua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Pole sana, mwanangu." Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilirudi nyumbani nikirukaruka kwenye mteremko, na Tantine akaniuliza nimepewa nini shuleni. Nikasema sikupewa kitu.

Halafu, jamani, maman alirudi siku nane kabla ya tarehe yake! Leo ninajua ni mambo ya ofisi: misheni ilifupishwa, tiketi ikabadilishwa. Siku ile mpakani sikuwa na shaka hata chembe. Karatasi imefika. Amesoma jina langu kule Haiti, amefunga sanduku. Nilimtazama usoni nikingoja aseme. Akasema nimekuwa mrefu.

Nikampa nafasi. Usiku wa kwanza nikavaa gauni la Krismasi kulalia. Hakusema. Asubuhi nikasikia mlio ninaoujua, miguu ya meza ikiburutwa kwenye saruji, na mkasi ukila katoni. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nikajituliza, nikajiambia maman ni mtu wa utaratibu, anasoma orodha kuanzia juu, jina langu halijafikiwa. Nikangoja siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi nilichana nywele zangu na kukaa kwenye ngazi.

Siku ya tano, Jumamosi, yule mama wa miwani akaingia getini, daftari kwapani, akihema kwa mlima wetu. Nilimwona kupitia dirishani, na moyo ukanidunda kwa furaha. Nilidhani amekuja kumkabidhi mwenzake karatasi yangu mkononi. Nikatoka mbio, nikasimama kando ya nguzo ya baraza.

Maman alikuwa ameinama anaandika. Aliona viatu tu, viatu vingine vyenye vumbi kama vile vingine, na bila kuinua kichwa akanyoosha mkono na jetoni namba kumi na nne. "Shika, maman. Ungoje pale na wenzako."

Na yule mama akaipokea! Akatafuta nafasi kwenye benchi kati ya mzee mmoja na msichana mwenye mimba, akakaa, akangoja. Watu wa kazi ile wanaheshimu mstari, sina lingine la kusema. Aliketi hapo karibu saa nzima na jile yake na daftari lake, Tantine akamletea chai akidhani ni mgonjwa.

"Kumi na nne," maman akaita mwishowe, na akasogeza kiti. "Shida gani, maman?"

"Miye sina shida. Nafanya verification. Nafuata mutoto moja mwenye mama yake alikufa, banasema anaishi ku hii parcelle."

"Pole yake." Maman akageuza ukurasa mpya. "Mama alikufa lini?"

"Siku haikuandikwa. Mutoto alisema tu alikufa na kazi."

"Ee, batoto banateseka," maman akasema, akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Jina yake?"

"Nabintu."

Maman akaanza kuandika. Niliiona kalamu kwa macho yangu. Iliandika herufi tatu za kwanza, ikaanza ya nne, ndipo ikasimama.

Tantine ndiye aliyepiga kelele. "Yesu Maria! Uyu mutoto ameniua!" Birika likaanguka. Mstari mzima ukainuka kutazama, na mjomba mmoja wa Kamanyola, mzee mwenye kofia, akaanza kucheka mpaka akakohoa. Mama wa miwani alinitazama mimi, akamtazama maman, akafungua daftari lake akasoma tena kilichoandikwa, kama vile karatasi ndiyo iliyokosea.

"Nabintu," maman akasema. "Kuya hapa."

Nikaenda. Kiti kilikuwa na mtu, nikasimama.

"Ulisema miye nilikufa?"

"Ndiyo, maman."

Hapo angenipiga kofi ningeelewa. Badala yake alianza kunifundisha! "Unajua kuko mutoto, mahali fulani hapa Bukavu, mwenye kweli hana mama, na weye umekamata nafasi yake? Unajua orodha ikiharibika ni nani anakosa?" Aliongea hivyo mbele ya watu wote, kwa ile sauti ya kambini, tulivu, ya haki. Kila mtu ana haki kwa maman, kila mtu, hata mtoto asiyejulikana ambaye labda hayupo.

"Bale batoto unabashikaka mukono!" nikapiga kelele. "Unabaulizaka majina! Miye kila siku hauna shida, hauna shida! Nilitaka karatasi ikufikie kule unafanyaka kazi, uniandike na miye, ukuye!"

Nililia sasa, kwa sauti mbaya, kamasi zinatoka. Mjomba aliacha kucheka.

"Ile karatasi haifikake kule," maman akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Iko ya hapa tu."

"Lakini ulikuya mbele ya siku yako."

Niliona anahesabu, anazirudisha siku nane nyuma, anaelewa nilichokuwa ninangoja kwenye ngazi zile kila asubuhi nikiwa nimechana nywele.

Mama wa miwani akakohoa kidogo. Alikuwa na nyumba nyingine za kupitia, na hakuwa mtu mbaya. "Maman, kama uko muzima, ile ya kufiwa nitaifuta. Akuna neno. Lakini fishi iko na maulizo ingine, na lazima nijaze yote." Akaweka kidole kwenye mstari wa fomu. "Mutoto anaishi na mama? Ndiyo ao hapana."

Hakuna mtu pale aliyelijua swali lile kuliko maman. Alikuwa ameliuliza kwenye matope na juani, kwa lugha tano, kwa maelfu ya watu waliochoka, na alijulikana kwa ukali wake. Mume anayepita Jumapili haandikwi. Papa aliye safarini haandikwi. Anayelala hapa, anayepika hapa, huyo ndiye anayeishi hapa. Nilikuwa nimemsikia mwenyewe akiwaelekeza wafanyakazi wake kwa simu, akikasirika kwamba wanawaonea watu haya na kuandika uongo.

"Andika ndiyo, maman!" mjomba wa Kamanyola akasaidia kutoka kwenye benchi. "Si uyu hapa tunamuona? Njo mama yake wa kumuzaa!"

"Nyamaza, tonton," maman akasema.

Alinitazama. Kisha akamtazama Tantine, aliyekuwa amechuchumaa anaokota birika, kikwembe chake kimelowa chai.

"Andika hapana."

"Maman, tunaweza tu kusema..."

"Minakwambia andika hapana. Usiharibu fishi."

Yule mama akaandika. Akafuta moja, akajaza nyingine, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto asiye na mzazi nyumbani naye ana safu yake, kwa hiyo jina litabaki. Maman alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia habari za kazini. Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa, na mpaka leo sijui. Najua tu kwamba aliondoka tarehe iliyokuwa kwenye tiketi yake, na kwamba alizunguka nchi za watu miaka mingine sita, kwa hiyo msinidhani ninawasimulia jinsi mama alivyobadilika.

Ikabaki kutia sahihi. Kwenye mstari wa mlezi Tantine aliandika jina lake polepole, akipangusa mikono kila baada ya herufi mbili, analia na kumtukana yule mama kwa kumfanya alie. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, wa shahidi, yaani jirani au mgeni yeyote awezaye kusema kwamba haya yaliyoandikwa ni kweli. Mama wa miwani alianza kutazama kwenye benchi amchague mtu.

Maman akavuta karatasi upande wake, akatia sahihi pale.

Akamrudishia kalamu. Mwenye namba kumi na tano alikuwa amekwisha kusimama, jetoni mkononi, anaweka sawa nguo zake. Maman hakumwita.